UCHANGANUZI: Uingereza au Ireland? Anayehamia ahesabu miaka, si mshahara pekee

KWA muda mrefu, Mkenya aliyenuia kuhamia Ulaya kutafuta kazi hakuwa na haja ya kujiuliza mara mbili aelekee wapi. Njia ilikuwa moja: London kwanza, kisha miji mingine ya Uingereza alikokuwa na ndugu, rafiki au mwanakijiji mwenzake wa kumpokea.

Lugha ya huko aliijua tangu shule ya msingi. Sheria, mitaala na hata taratibu za wodini alizozizoea nyumbani zilikuwa zimechotwa huko huko. Ireland, jirani wa Uingereza upande wa magharibi, ilijulikana humu nchini hasa kupitia watawa wa Loreto waliofika mwaka 1921 na kuanzisha shule, na baadaye kupitia Bruda Colm O'Connell, aliyewasili Iten mwaka 1976 na kuja kuwa mkufunzi wa bingwa wa mbio za mita 800 David Rudisha.

Leo wauguzi, wahandisi na wataalamu wa kompyuta wanaojiandaa kuondoka huziweka nchi hizo mbili kwenye mizani moja. Wana sababu. Nchi hizi zinazungumza Kiingereza, zinapakana kwa mpaka wa nchi kavu wenye urefu wa karibu kilomita 500, na ziliingia katika Jumuiya ya Ulaya siku moja mwaka 1973. Lakini Uingereza ilijiondoa Januari 31, 2020, ilhali Ireland ilibaki. Tangu hapo, sera zao kuhusu mgeni anayekuja kufanya kazi zimekuwa zikiachana mwaka baada ya mwaka.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: nchi ipi inalipa zaidi? Ni swali halali, lakini halitoshi. Pengine ndilo linalowapotosha wengi, kwani tofauti kubwa kati ya majirani hawa haimo katika hati ya mshahara. Imo katika miaka ambayo mgeni atalazimika kusubiri kabla ya kuitwa mkazi, na katika nyumba atakayolala akiwa anasubiri.

Mshahara wenyewe hauwezi kuamua shauri hili. Mwaka 2025, kima cha chini cha malipo kwa saa kilikuwa pauni 12.21 nchini Uingereza na yuro 13.50 nchini Ireland. Pauni ikigeuzwa kuwa yuro, Uingereza ilikuwa mbele kidogo tu. Kwa upande wa kodi ya mapato, nchi zote mbili hutoza asilimia 20 kisha asilimia 40. Uingereza, isipokuwa Scotland iliyo na viwango vyake, ilianza kutoza asilimia 40 mapato yalipopita pauni 50,270 kwa mwaka. Ireland ilianza mapema zaidi, kwenye yuro 44,000 kwa mtu asiye na mwenzi, ingawa wanandoa wa Ireland huruhusiwa kutozwa kwa pamoja, jambo linalowapunguzia mzigo.

Kwa hiyo anayelinganisha barua mbili za kazi kwa kutazama tarakimu za mshahara peke yake huenda akachagua kwa kurusha sarafu. Ni pale anapogeuza ukurasa na kusoma masharti ya uhamiaji ndipo njia hizi mbili zinapotengana.

Nchini Uingereza, mwenye viza ya kazi alizoea kuomba ukazi wa kudumu baada ya miaka mitano. Desturi hiyo iliingia mashakani Mei 2025, serikali ya Waziri Mkuu Keir Starmer ilipotoa waraka wa sera uliotangaza nia ya kuufanya muda wa kawaida kuwa miaka 10. Novemba mwaka huo, Waziri wa Mambo ya Ndani Shabana Mahmood alifafanua mapendekezo hayo na kuyapeleka kwa umma yatolewe maoni. Walio katika kazi zisizohitaji kiwango cha shahada walipendekezewa miaka 15. Madaktari na wauguzi wa mfumo wa afya wa umma, NHS, waliahidiwa kwamba wao watabaki kwenye mitano.

Kilichowashtua wengi si idadi ya miaka tu, bali ni nani angeguswa. Mapendekezo hayo yalikusudiwa kuwahusu hata watu waliokwisha kuingia Uingereza na kuanza kuhesabu miaka yao mitano, mradi hawajapata ukazi wa kudumu. Mtu aliyeuza shamba, akakopa nauli na kuondoka akiwa na ahadi moja, aliambiwa akiwa katikati ya safari kwamba huenda mwisho wa safari ukasogezwa mbele.

Mlango wa kuingilia nao ulikuwa umekwisha kupunguzwa. Aprili 2024, kima cha mshahara kinachohitajika kwa viza ya kawaida ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipandishwa kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka. Julai 22, 2025 kikapanda tena hadi pauni 41,700, na kazi nyingi zisizofikia kiwango cha shahada zikaondolewa. Wafanyakazi wa afya waliwekewa viwango vya chini zaidi. Kuanzia Januari 2026, waombaji wapya wa viza hiyo walitakiwa kuthibitisha ujuzi wa juu zaidi wa Kiingereza kuliko ilivyokuwa.

Hatua hizo zina chanzo kinachoeleweka. Idadi ya wanaoingia Uingereza, baada ya kutoa wanaoondoka, ilifika watu wapatao 900,000 katika mwaka uliokamilika Juni 2023. Kufikia mwaka uliokamilika Juni 2025, idadi hiyo ilikuwa imeporomoka hadi takriban 204,000. Hata hivyo, kupungua kwa idadi hakukupoza siasa. Vyama viliendelea kushindana kuonyesha ni kipi kitakachofunga mlango kwa nguvu zaidi.

Ireland, kwa wakati huo huo, ilikuwa ikiandika masharti ya aina nyingine. Nchi hiyo hutoa kibali maalumu kwa kazi zenye uhaba mkubwa wa wataalamu, wakiwemo wauguzi, madaktari, wahandisi na watu wa teknolojia ya habari. Tangu Januari 2024, aliye katika orodha hiyo na mwenye shahada inayohusika alitakiwa awe amepata kazi yenye mshahara usiopungua yuro 38,000, na serikali ilipanga kukipandisha kiwango hicho hatua kwa hatua.

Faida ya kibali hicho huonekana baada ya muda mfupi. Mwenye nacho akishakifanyia kazi kwa takriban miaka miwili, anaweza kuomba hadhi iitwayo Stamp 4, inayomruhusu kufanya kazi yoyote kwa mwajiri yeyote bila kibali kingine. Akitimiza miaka mitano ya ukazi halali unaohesabika, anaweza kuomba uraia moja kwa moja, bila kupitia kwanza ngazi ya ukazi wa kudumu. Miaka ya mwanafunzi haihesabiwi, jambo ambalo wengi waliotangulia kwa masomo hulijua wakiwa wamechelewa.

Gharama za njia hizo mbili pia hazifanani. Kufikia mwaka 2025, ada ya kuomba ukazi wa kudumu nchini Uingereza ilikuwa pauni 3,029 kwa kila mtu, na uraia ukahitaji ada nyingine ya zaidi ya pauni 1,600. Ireland imekuwa ikitoza yuro 175 kupokea ombi la uraia na yuro 950 cheti kinapotolewa kwa mtu mzima.

Tena ipo ada ya afya ambayo Uingereza huwatoza wahamiaji pamoja na viza. Tangu Februari 2024 imekuwa pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa viza. Mhandisi anayehama na mkewe na watoto wawili kwa miaka mitano angelipa jumla ya pauni 18,110, na kwa kawaida fedha hizo hudaiwa kwa mkupuo kabla ya safari. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa ada hiyo. Nchini Ireland hakuna ada ya aina hiyo, bali kila mtu mzima hulipa yuro 300 kwa usajili wa kitambulisho cha ukazi.

Jambo la tatu ni uhusiano wa mgeni na mwajiri wake. Hapa ndipo yaliyowapata watunzaji wa wazee nchini Uingereza yanapostahili kukumbukwa. Baada ya kazi hiyo kufunguliwa kwa wageni mwaka 2022, maelfu kwa maelfu waliajiriwa kutoka Afrika na Asia. Baadhi walifika na kukuta hakuna kazi, au saa za kazi hazifikii zile walizoahidiwa. Kwa mujibu wa serikali ya Uingereza, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zaidi ya kampuni 470 za utunzaji zilipokonywa leseni ya kuwadhamini wageni, na wafanyakazi waliohusishwa nazo walikuwa zaidi ya 39,000.

Mfanyakazi ambaye mdhamini wake amepokonywa leseni kwa kawaida hupewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine, au aondoke. Hakutenda kosa lolote, lakini adhabu humwangukia yeye. Machi 2024, watunzaji wapya walikatazwa kwenda na familia zao, na Julai 22, 2025 Uingereza ikaacha kabisa kuwaajiri moja kwa moja kutoka ng'ambo. Wakala yeyote anayemwahidi Mkenya aliyeko nyumbani viza mpya ya kazi hiyo anamuuzia mlango uliokwisha kufungwa.

Ireland nayo haijawahi kuwa peponi kwa mfanyakazi mgeni, na vibali vyake vilizoea kumfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Sheria mpya ya vibali vya kazi iliyoanza kutumika Septemba 2024 ililegeza kamba hiyo kwa kumruhusu mfanyakazi kubadilisha mwajiri baada ya miezi tisa, ilimradi abaki katika kazi ya aina ile ile. Mwenzi wa mwenye kibali cha kazi zenye uhaba hupewa ruhusa ya kufanya kazi bila kutafuta kibali chake.

Kwa maelezo hayo, msomaji anaweza kudhani shauri limekwisha, na kwamba kila anayehama aelekee Dublin. Lakini Ireland ina donda moja ambalo halionekani katika masharti ya viza. Donda hilo ni nyumba.

Sensa ya Aprili 2022 ilihesabu watu 5,149,139, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa idadi ya watu nchini humo kuvuka milioni tano tangu sensa ya 1851, iliyofanyika wakati njaa kuu ikiwaua na kuwafukuza Waairishi kutoka kwao. Watu walirudi na wageni wakaja, lakini nyumba hazikujengwa kwa kasi hiyo. Mwaka 2006, kabla ya msukosuko wa kifedha, zilijengwa karibu nyumba 90,000. Mwaka 2013 hazikufika 5,000. Mafundi walihama, kampuni za ujenzi zikafilisika na benki zikaogopa kukopesha. Hata mwaka 2024, nyumba zilizokamilika zilikuwa takriban 30,000 tu.

Matokeo yake ni kwamba mwaka 2025 kodi ya wastani kwa nyumba mpya zinazotangazwa sokoni nchini Ireland ilipita yuro 2,000 kwa mwezi, na Dublin ilikuwa juu zaidi. Mwaka huo huo, watu waliokuwa wakiishi katika makao ya dharura ya serikali walipita 16,000. Si ajabu kwa chumba kimoja jijini Dublin kugombewa na makumi ya watu, na mgeni asiye na barua ya mwenye nyumba wa awali huwa wa mwisho kwenye foleni.

Uingereza pia inalia na kodi ya nyumba, lakini ni nchi kubwa yenye nafasi ya kuchagua. Takwimu rasmi za katikati ya mwaka 2025 ziliweka kodi ya wastani ya nyumba binafsi kwenye takriban pauni 1,340 kwa mwezi. London ilikuwa zaidi ya pauni 2,200, ilhali eneo la Kaskazini Mashariki lilikuwa na wastani wa pauni 700 na ushei. Takwimu za nchi hizi mbili hazikupimwa kwa njia moja, kwani za Uingereza hujumuisha hata wapangaji wa zamani. Hata hivyo, ujumbe wake ni bayana. Muuguzi aliyepangiwa Newcastle anaweza kupanga nyumba ya familia kwa fedha ambazo jijini Dublin zingempa chumba cha kulala na zamu ya kutumia jiko.

Jambo hilo linaligusa taifa hili moja kwa moja. Mwaka 2024, Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani dola bilioni 4.94 za Marekani. Fedha hizo ni karo, dawa na mabati ya nyumba za wazazi. Kila yuro inayomezwa na mwenye nyumba wa Dublin ni yuro isiyofika Kakamega au Kitui. Zaidi ya hayo, aliyekosa nyumba hawezi kumleta mwenzi wala watoto, hata sheria ikimruhusu. Kibali kinaweza kufungua mlango wa nchi huku mlango wa nyumba ukibaki umefungwa.

Matibabu nayo yana hesabu zake. Aliyekwisha kulipa ada ya afya nchini Uingereza humwona daktari wa mtaa bila malipo mengine, ingawa mwaka 2025 orodha ya wanaosubiri matibabu ya hospitali nchini England ilikuwa na kesi zaidi ya milioni saba. Nchini Ireland, asiye na kadi ya serikali inayotolewa kwa wenye kipato kidogo hulipa takriban yuro 50 hadi 70 kila anapomwona daktari wa mtaa. Watoto walio chini ya miaka minane hawalipi. Malipo ya kulazwa katika hospitali za umma yalifutwa Aprili 2023.

Lipo pia suala la usafiri, ambalo huwakanganya wengi. Raia wa Uingereza na wa Ireland huishi na kufanya kazi katika nchi zote mbili bila kibali, kutokana na mapatano yaliyoanza miaka ya 1920. Haki hiyo haimhusu mgeni mwenye kibali cha kazi. Barabara ya kutoka Dublin hadi Belfast haina kizuizi, lakini Mkenya mwenye ukazi wa Ireland pekee akiifuata bila viza ya Uingereza anavunja sheria. Ireland pia haimo katika eneo la Schengen, hivyo kibali chake hakimpeleki Paris wala Roma.

Hali hiyo hubadilika siku anapopata uraia. Pasipoti ya Ireland humfungulia mwenye nayo nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya, na kupitia mapatano yale ya zamani humfungulia Uingereza vile vile. Pasipoti ya Uingereza, tangu kujiondoa katika umoja huo, humpa haki ya kuishi Uingereza na Ireland pekee. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na nchi hizi mbili pia zinauruhusu, kwa hiyo Mkenya hatakiwi kuukana uzawa wake.

Je, mgeni anakaribishwa vipi mtaani? Hakuna nchi kati ya hizi inayoweza kujisifu mbele ya mwenzake. Novemba 23, 2023, ghasia zilizuka Dublin baada ya watoto kudungwa visu nje ya shule, na mabasi yakateketezwa. Julai 29, 2024, wasichana watatu waliuawa mjini Southport, England, na uvumi wa uongo kuhusu asili ya muuaji ukazua ghasia zilizofika hadi kwenye hoteli zilizowahifadhi waomba hifadhi. Mwaka 2025, mashambulizi dhidi ya Wahindi jijini Dublin yalifanya ubalozi wao utoe tahadhari kwa raia wake.

Wala Ireland haitabaki ilivyo milele. Novemba 2025, Waziri wa Haki Jim O'Callaghan alitangaza masharti makali zaidi kwa waomba hifadhi na wakimbizi, ikiwemo kurefusha muda wanaosubiri kabla ya kuomba uraia kutoka miaka mitatu hadi mitano. Wenye vibali vya kazi hawakuwa walengwa wakuu. Lakini penye uhaba wa nyumba hapakosi mwanasiasa wa kumnyooshea mgeni kidole, na nchi iliyobadili sheria yake ya uraia wa kuzaliwa kwa kura ya maoni mwaka 2004 inaweza kubadili mengine.

Kutokana na haya yote, jibu haliwezi kuwa moja kwa kila mtu. Muuguzi aliyepata nafasi katika hospitali ya umma ya Uingereza, nje ya London, mwenye watoto wanaohitaji nyumba tangu siku ya kwanza, ana sababu nzuri ya kuichagua nchi hiyo, hasa ikiwa ahadi ya miaka mitano kwa wauguzi itatimizwa. Mhandisi au mtaalamu wa kompyuta ambaye kazi yake imo katika orodha ya Ireland, na ambaye anaweza kuvumilia mwaka mmoja au miwili ya chumba kidogo, anaelekea kufaidika zaidi Ireland. Atakuwa huru mapema, atatumia ada ndogo, na mwisho wake ni pasipoti yenye njia nyingi zaidi.

Asiye na shahada wala ujuzi ulio katika orodha hizo anastahili kuambiwa ukweli: milango ya nchi zote mbili imembana, na anayemwambia vinginevyo huenda ana jicho kwenye akiba yake. Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni, nayo Ireland huchapisha majina ya kampuni zilizopewa vibali. Kuzisoma orodha hizo hakugharimu chochote, ilhali kutozisoma kumewagharimu wengine mashamba.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini anayekwenda na familia yake, au anayekusudia kuileta baadaye, haendi kwa msimu mmoja. Kabla ya kuuliza atalipwa kiasi gani, na aulize ni tarehe ipi ambayo hatalazimika tena kuomba ruhusa ya kubaki, na kati ya leo na siku hiyo watoto wake watalala wapi. Nchi itakayompa majibu ya maswali hayo mawili kwa maandishi ndiyo inayomfaa, hata kama mshahara wake ni mdogo kuliko wa jirani.